DHCP inasingiziwa

Fundi wa mtandao wa ofisi ndogo mara nyingi hufuata kanuni moja: kila kompyuta ipewe anwani ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kwa mkono, iandikwe kwenye daftari, yaishe. DHCP, yaani ruta au seva kugawa anwani yenyewe, anaiona bahati nasibu. Leo anwani ya printa inaishia na .20, kesho .57, na mhasibu anapiga simu kwamba haichapishi.

Hoja hiyo ina uzito. Ruta, seva na printa hutafutwa na kompyuta nyingine, hivyo hazifai kuhamahama. Isitoshe, mtu akileta ruta ya nyumbani na kuichomeka vibaya kwenye swichi ya ofisi (kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao), nayo itaanza kugawa anwani zake, na baadhi ya kompyuta zitajikuta hazina intaneti. Kuna swichi zinazoweza kuzuia hilo, ila ukinunua ya bei ya chini kabisa usiitegemee.

Lakini tiba ya ile printa imo humohumo ndani ya DHCP: unaitengea anwani kwa namba yake ya MAC, ile ya utambulisho inayotoka nayo kiwandani. Itaomba kama wenzake na kupewa ileile kila siku. Anayeiwekea .20 kwa mkono huku ruta nayo ikiendelea kugawa kuanzia .2 ndiye anayesababisha IP kugongana, yaani vifaa viwili kuwa na anwani moja, kisha lawama anaitupia DHCP.

Linalonikera zaidi ni suala la muda. Anwani ya DHCP huazimwa tu, na kila azimo lina mwisho wake. Mtandao wa kawaida unaoanza na 192.168.1 una anwani 254, na moja ni ya ruta yenyewe. Sasa chukua mgahawa wenye Wi-Fi ya bure na ruta inayoazima kwa saa 24. Asubuhi simu 150 zimepita na wanywaji chai. Mchana zinakuja nyingine 150 na walaji wali. Kila mtu amekaa nusu saa akaenda zake, lakini anwani aliyopewa bado imeandikwa kwa jina la simu yake hadi kesho. Ukumbini wamebaki watu 20, na mteja mpya simu yake inatafuta anwani haipati. Fundi anazima ruta na kuiwasha, pengine mambo yanatulia, kesho yaleyale.

Angeweka saa moja tu, kisa kingeishia hapo. Aliye bado mezani hapotezi kitu: muda ukifika nusu, simu huomba kuongezewa kimyakimya. Kwa ofisi yenye kompyuta zilezile kila siku, hata siku 8, ambazo ndizo Windows Server, mfumo wa seva wa Microsoft, huanza nazo, hazina shida.

Duka la kompyuta nne na printa moja, lisilopokea wageni kwenye Wi-Fi, sina ugomvi na fundi wake. Aandike tu kwa mkono. Ila daftari aliache dukani, asiondoke nalo kwenye begi.