Mkulima wa mjini apewe karatasi

Wiki iliyopita mgambo wamefyeka matuta ya mchicha kwenye hifadhi ya barabara, karibu na ninapokaa. Zilibaki siku chache mboga ivunwe. Mama mmoja alikuwa ameshapokea fedha za matuta yake kutoka kwa mchuuzi wa gengeni, akaomba aachwe ang'oe hata jioni ile. Wamekataa. Sababu waliyotoa ni usafi wa jiji.

Usafi gani? Kabla watu hao hawajaanza kulima pale, eneo lile lilikuwa jalala. Wao ndio waliozoa chupa, pampasi na vifusi kwa mikono yao, bila kulipwa na mtu. Jiji lilikuwa limeisahau ile ardhi mpaka ilipoota kitu cha kuliwa.

Kila anayeishi Dar es Salaam amekula mboga ya namna hii. Mchicha hauvumilii safari: ukivunwa alfajiri, mchana umeshanyauka. Ndiyo maana unalimwa humuhumu, Bonde la Msimbazi, chini ya nyaya kubwa za umeme, kandokando ya reli. Wala si jambo la kificho. Miaka ya 1970, enzi za Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali yenyewe iliwahimiza watu wa mijini washike jembe. Kanuni za mwaka 1992 zikakitambua kilimo cha mjini na kumwekea mtu kikomo cha ekari 3. Matuta ya yule mama hayafiki hata robo ekari.

Kuna wanaowatetea mgambo kwa hoja ya maji machafu. Siipuuzi. Watafiti wamepima mboga za kando ya Mto Msimbazi wakakuta madini ya risasi na kadimiamu, na mboga hizo ndizo ninazowapikia wanangu. Lakini aliyetia sumu mtoni si mwenye jembe. Maji ya viwandani na majitaka ya mitaa yetu yanaingia mtoni mchana kweupe, na sijaona mgambo wakifyeka bomba la kiwanda.

Halafu tujiulize kwa nini mkulima anachota mtoni. Kuchimba kisima ni fedha. Pampu ni fedha, mipira ni fedha. Nani mwenye akili timamu atazika akiba yake kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho asubuhi? Kwa sababu hiyohiyo anapanda mchicha na matembele, msimu baada ya msimu. Mchicha ndani ya wiki tatu au nne umeshauzwa, kwa hiyo wakija kufyeka, amepoteza wiki nne tu. Hoho inataka miezi. Mpapai unataka muda mrefu zaidi. Hata samadi, ambayo inarutubisha udongo taratibu, anaitia kwa kujibana kwa sababu hajui atakayevuna faida yake ni nani. Tumemfanya mtu aishi kwa wiki nne nne, kisha tunamshutumu kwamba kilimo chake ni cha kubahatisha na maji yake ni machafu! Hofu ya kufukuzwa ndiyo inayomrudisha mtoni na keni zake mbili kila alfajiri, na sisi ndio tunaokula matokeo yake.

Nakubali, barabara ikihitaji kupanuliwa ipanuliwe. Hifadhi ya barabara iliwekwa kwa kazi hiyo, na hakuna mkulima niliyezungumza naye anayebisha. Lakini kati ya leo na siku ya katapila kuna miaka mingi ya ardhi kukaa bure.

Kule Havana, mji mkuu wa Cuba, waliwagawia wakazi viwanja vya umma vilivyokaa wazi, baada ya Umoja wa Kisovyeti kuanguka na chakula kuadimika. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Sisi tunaweza kuanza na karatasi moja: ruhusa ya kutumia, isiyo ya kumiliki, ya miaka miwili au mitatu, kwa kikundi kilichoandikishwa serikali ya mtaa, yenye sharti la maji ya kisima na eneo lililopimwa. Mwenye karatasi hiyo atachanga na wenzake wachimbe, na afisa kilimo wa kata atajua pa kumpata.

Na kama karatasi itachelewa, basi kwa sasa itolewe notisi ya siku 30 kabla ya kufyeka. Mchicha uliopandwa leo utakuwa umeshavunwa kabla siku hizo hazijaisha, na mchuuzi aliyelipia tuta atapata mboga yake.