Nyuki Ndani ya Ukoo wa Nyigu Wachimbaji

Wanaopinga kugawanywa kwa Crabronidae, familia kubwa ya nyigu wachimbaji, wana hoja ya kweli. Familia hiyo ilibeba spishi zipatazo 9,000, na kwa lenzi ya mkononi wengi wao walitofautishwa upesi na Sphecidae, familia nyingine ya nyigu ambao kiuno chao ni kirefu na chembamba kama uzi. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulipopendekeza familia kadhaa mahali pa hiyo moja, lebo za makumbusho zilibaki nyuma, na baadhi ya familia hizo mpya ni vigumu kuzitambua kwa macho.

Lakini usumbufu huo si sababu ya kuendelea na ukoo usiokuwepo: nyuki wametokana na nyigu hao, ilhali familia hiyo iliwaacha nje. Mtazame nyigu mchimbaji nyuma ya kichwa: kila upande wa pingili ya kwanza ya kidari kuna kinundu cha mviringo kisichofika kwenye kigamba kinachofunika shina la bawa. Nyuki naye anacho, ilhali kwa nyigu wa viota vya karatasi pingili hiyo hufika hadi kwenye kigamba. Kinachowatenga nyuki ni vinyweleo vyenye matawi, vinavyonasa chavua. Vya nyigu wachimbaji havina matawi.

Ndugu wa karibu zaidi wa nyuki, kwa mujibu wa uchambuzi huo, ni Ammoplanidae, nyigu wa milimita chache tu ambao zamani walihesabiwa ndani ya Crabronidae. Mawindo yao yanayojulikana ni thripsi, wadudu wadogo sana, na thripsi wengi huishi mauani na kula chavua. Ndiyo maana watafiti wanadhani kwamba mababu wa nyuki waliwapelekea watoto wao mawindo yaliyojaa chavua, hadi chavua yenyewe ikawa chakula na uwindaji ukaachwa. Dhana hiyo haijathibitishwa, ila inaeleza chanzo cha spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na mpangilio wa zamani uliificha kwa kumweka ndugu wa nyuki katika familia ambayo nyuki wenyewe walifungiwa nje.

Kuwaingiza nyuki wote katika Crabronidae kungerekebisha kosa hilo pia, lakini kungevuruga majina mengi zaidi. Kugawanya kumevuruga machache: familia mpya kama Bembicidae, Philanthidae na Pemphredonidae zilikuwa tayari vikundi vya ndani ya Crabronidae vyenye majina yanayokaribiana na hayo, kwa hiyo sehemu kubwa ya funguo za zamani za utambuzi bado inatumika.