Tuanze na Kidonda cha Jirani

Muhula uliopita nilikuwa na kidato cha tatu, mada ikiwa vyama vya siasa baada ya uhuru. Nilikuwa nimeshaandika ubaoni KPU (Kenya People's Union), chama cha upinzani, mwaka kilipoundwa, 1966, na mwaka kilipopigwa marufuku, 1969. Wanafunzi walikuwa wakinakili kama kawaida yao, vichwa chini. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, hospitali ya rufaa mbona watu huiita Russia?"

Wenzake wakacheka. Hapa Kisumu hakuna asiyelijua jina hilo. Mwambie mtu wa boda "nipeleke Russia" atakushusha langoni pa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga bila kukuuliza swali la pili. Baadhi ya wanafunzi wangu walizaliwa humo. Lakini darasa zima hakuna aliyeweza kumjibu, na jibu lilikuwa pale pale ubaoni, limejificha kati ya 1966 na 1969.

Nikaweka chaki chini. Nikawaambia kwamba hospitali ile ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambazo watu wa huku walikuwa bado na msiba wa Tom Mboya, waziri Mjaluo, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo. Jaramogi, kiongozi wa KPU, alikuwepo. Wakarushiana maneno makali mbele ya umati, vurugu zikazuka, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wazee wa hapa wanataja idadi kubwa zaidi, kubwa sana. Siku tano baadaye KPU kikapigwa marufuku, Jaramogi na wenzake wakawa kizuizini, na nchi ikabaki na chama kimoja bungeni.

Kengele ilipolia sikuwa nimefika hata nusu ya vidokezo vya mtihani. Nilitoka nikijiuliza mtoto anawezaje kupita mbele ya lango lile kila asubuhi kwa miaka kumi na sita bila mtu mzima hata mmoja kumwambia.

Nimefundisha Historia na Kiswahili katika kaunti mbili. Nilianzia Nakuru, upande wa Molo, kisha nikahamia Kisumu. Katika pande zote mbili nimesikia ushauri uleule kutoka kwa walimu wenzangu na kwa wazazi: mambo ya juzi yaache, utaamsha yaliyolala. Fundisha Wareno, fundisha Berlin 1884, fundisha Mau Mau, halafu ruka. Mimi naona yanayoitwa yamelala hayajalala hata kidogo. Watoto wanayasikia kwenye matanga, kwenye matatu, kwenye simu, na wanayasikia kwa upande mmoja tu, upande wa kwao. Darasani ndipo mahali pekee ambapo mtoto angeweza kuusikia upande wa pili akiwa ameketi, pana mtu mzima, pana ushahidi mezani. Tukinyamaza hapo, tumewaachia wengine kazi yetu.

Lakini namna ya kuanza ni jambo zito, na mimi niliwahi kulikosea vibaya.

Ilikuwa Molo. Wanafunzi wangu wakati ule walikuwa watoto wa miaka kumi hivi vita vya baada ya uchaguzi wa 2007 vilipozuka. Wazazi wao walikuwa wameonja mapigano ya 1992 pia. Nikaamua kuanza na nyumbani. Niliwatuma wakawaulize wazazi wao yaliyotokea, waandike ukurasa mmoja, kisha wasome mbele ya darasa. Mvulana wa tatu kusoma alitaja kilima ambako washambuliaji walitokea. Akakitaja kwa jina lake, kama tunavyokitaja sote tukielekezana njia. Aliyeketi naye dawati moja, rafiki yake tangu kidato cha kwanza, kwao ni kilimani pale.

Hakuna aliyepigana. Hakuna hata aliyesema neno. Ila kesho yake niliingia darasani nikakuta madawati yamepangwa upya, huku hawa, kule wale, na njia pana katikati. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mkuu wa shule akaniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, umefukua kaburi." Nilimkasirikia wakati ule. Leo nasema alikuwa na haki ya kuogopa, ingawa dawa aliyoitaka, ya kunyamaza, haikuwa dawa. Mwezi mzima ulipita kabla ya madawati yale kurudi.

Muhula uliofuata nikawafundisha watoto walewale wa Molo habari za Kisumu 1969. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jamaa katika tukio lile, si kwa waliopiga risasi wala kwa waliopigwa. Wakawa huru kuuliza. Nani alitoa amri? Kwa nini hesabu ya serikali na hesabu ya wazee hazikutani? Aliyeandika habari hii alikuwepo? Mvulana mmoja akauliza wale walinzi walikuwa na umri gani, na kama walikuwa wameambiwa wanakokwenda. Hilo ni swali ambalo mtu hawezi kuuliza kuhusu waliomchomea nyumba yake. Anaweza kuuliza kwa kidonda cha mwingine, na akishajifunza kuliuliza, siku moja ataweza kulirudisha kwao.

Tangu hapo huo ndio mpango wangu, na ningependa wenzangu waujaribu. Watoto wa Nakuru waanze na Kisumu. Watoto wa Kisumu waanze na Molo ya 1992, waende Kiambaa karibu na Eldoret, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Halafu, pole pole, warudi nyumbani.

Na kurudi nyumbani kuna uchungu wake. Wanafunzi wangu wa Kisumu wanajua kwamba mwaka 2008 polisi waliwapiga watu risasi mitaani. Ni kweli. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu zile na kuhesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, iliandika wazi kwamba wengi wa waliokufa Kisumu waliuawa kwa risasi. Hilo hawahitaji mimi kuwaambia. Wasilolijua ni kwamba wiki zile zile maduka ya Wakikuyu mjini humu yaliporwa na kuchomwa, na kwamba majirani waliokuwa wakiishi hapa miaka mingi walilala kwenye kituo cha polisi wakisubiri magari ya kuwaondoa. Niliposema hayo mara ya kwanza darasa lilinyamaza, kisha sauti moja ikasema, "Hiyo ni propaganda, mwalimu." Nikamwomba akamuulize dani, yaani nyanya yake, ambaye ana kibanda katika soko la Kibuye tangu zamani. Alirudi Jumatatu akasema dani alimtajia jirani yake wa kibanda cha pili, mama aliyekuwa akiuza viazi, akamwambia hakuwahi kumwona tena. Mji huu uliumizwa, na mji huu uliumiza. Mtoto wa Kisumu anayejua la kwanza peke yake amefundishwa nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayotumiwa na mwanasiasa wa kwanza atakayepita.

Mtihani hausaidii sana. Swali la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, litamtaka mtoto ataje sababu tano za KPU kupigwa marufuku, naye atapata alama tano kwa tano bila kujua kwamba kuna mtu aliyekufa. Siwalaumu watunga mitihani. Karatasi ya saa mbili na nusu haiwezi kubeba kila kitu. Lakini mwalimu akifundisha kilicho kwenye mwongozo wa kusahihisha tu, amefundisha mifupa.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo linanigusa kwa kuwa nafundisha masomo yote mawili. Historia kwetu hufundishwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu haikuwekwa kwa Kiingereza. Imewekwa kwa Kijaluo, Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kikisii, na pale watu hawa wote walipokutana sokoni imewekwa kwa Kiswahili. Kitabu kinasema familia zilihamishwa. Mama aliyekuwepo anasema "tulilala porini siku tatu, mtoto nimemziba mdomo." Yule msichana wa Russia aliuliza swali lake kwa Kiswahili katikati ya kipindi cha Kiingereza, na sidhani ilikuwa bahati tu. Siku ninazomwalika mzee darasani namwachia aseme kwa lugha aitakayo, wanafunzi wanafasiri kwa Kiswahili, na vidokezo vya Kiingereza tunaviandika mwisho.

Wapo wanaodhani historia ya utamaduni ni ya kupumzikia baada ya siasa. Mimi huanza nayo. Nachukua benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. D. O. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, akavuka mpaka, akaongoza bendi ya Shirati Jazz, na akaimba kwa Kijaluo kwa mafumbo ya wanyama na watu wa Biblia hadi wakubwa wakaudhika na akatiwa ndani. Alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Wanafunzi wakienda nyumbani na wimbo wake mmoja wanagundua kwamba dani anajua kila fumbo lilimlenga nani. Lakini linalonigusa zaidi ni hili: katika miaka ya 1970, baada ya 1969, siasa zikiwa zimewatenganisha Wajaluo na Wakikuyu kama panga, wapiga gitaa wa Kikuyu walikuwa wakiichukua benga na kuifanya yao. Vidole vilikuwa vikifundishana wakati wakubwa hawasalimiani. Nikiicheza benga ya Kijaluo kisha ya Kikuyu darasani, gitaa kwa gitaa, hakuna anayeniambia nimefukua kaburi. Na mpira vilevile: mtoto anayejua kwamba klabu ya AFC Leopards iliitwa Abaluhya hadi 1980, ilipoagizwa majina ya kikabila yaondolewe, ana mlango wa kuingilia katika utawala wa Moi bila kukariri chochote.

Nina wasiwasi mmoja mkubwa. Kidato changu cha tatu ndicho cha mwisho cha mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4. Walio nyuma yao wako Gredi ya 10, na katika mfumo mpya Historia na Uraia ni somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Atakayekwenda mkondo wa sayansi anaweza kumaliza sekondari ya juu, akapata kitambulisho na kura, bila kuketi hata kipindi kimoja kuhusu nchi yake ilivyofika hapa ilipo. Daktari wa kesho atakayeajiriwa pale Russia atakuwa mmoja wao. Ningetaka kila mwanafunzi, wa mkondo wowote, apate angalau muhula mmoja wa miaka hii sitini, uwe na mtihani au usiwe nao. Vifaa tunavyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilichunguza kipindi cha kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008, ikakusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, ikatoa ripoti yake mwaka 2013. Ripoti hiyo haijafanyiwa mengi. Ukurasa mmoja wake unatosha kipindi cha dakika arobaini.

Wanafunzi wenyewe wako tayari. Waliyaona ya tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiingia Bunge, kwenye simu za kaka zao, na wananiuliza itaingia kitabuni lini. Nawaambia waandike walichokiona sasa, na tarehe, na walikuwa wapi, kabla hawajaanza kukumbuka walichosimuliwa.

Wiki ya mwisho ya muhula tulifika nyumbani. Sikuomba hadithi safari hii. Niliomba kitu, chochote cha wakati ule kilichobaki. Msichana yule wa Russia alileta ripoti ya shule ya shangazi yake, iliyokunjwa mara nne. Familia ilikuwa ikiishi Nakuru. Darasa la sita, muhula wa tatu, 2007. Nambari 4 kati ya 52. Mwalimu wa darasa ameandika "Jitahidi zaidi." Chini, kwa kalamu ya bluu: shule itafunguliwa Januari 2008. Hakurudi. Mwisho wa Januari hiyo walikuwa uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine, na baada ya hapo lori la kuja Kisumu.

Karatasi ikazunguka darasani mkono kwa mkono. Mvulana mmoja akaishika muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, na wale watatu waliomtangulia walikuwa akina nani?"

Sikujua. Shangazi alikuja Ijumaa, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, na mvulana akamuuliza mwenyewe. Akawataja wote watatu, jina la kwanza na la baba, nambari moja hadi nambari tatu, bila kusita. Wawili Wakikuyu, mmoja Mkalenjin. Akasema nambari moja alikuwa amemwazima bikari siku ya mwisho ya mtihani wa hesabu, na akasahau kuirudisha. Ilikuwa ndani ya mkoba ule ule waliotoroka nao, pamoja na ripoti. Akafungua kibeti chake akaitoa, akaiweka juu ya dawati la mbele.