Fanta na Miaka Isiyotajwa Kwenye Lebo

Ule ujumbe umezunguka tena katika kundi letu la familia. Unatutaka tuache kunywa Fanta kwa sababu eti ilibuniwa na Hitler ili askari wake wapate cha kunywa, na kama kawaida umesindikizwa na agizo la kuutuma kwa watu wengine kumi kabla jua halijazama. Shangazi yetu, ambaye siku ya Idi nyumbani kwake hapakosi kreti ya Fanta Passion, aliuliza kwa hofu ya kweli kama amekuwa akiwanywesha wageni wake haramu. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo najibu hapa. Hata hivyo, hasira yangu haiishii kwa mtunzi wa uongo huo. Inawafikia pia wenye soda yao, kampuni ya Coca-Cola, kwa sababu uongo huu umepata pa kuota katika uwanja ambao wao wenyewe wameuacha wazi kwa makusudi.

Coca-Cola ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1929, na katika muongo uliofuata kampuni tanzu ya huko, yenye makao yake Essen, ilikua kwa kasi kiasi kwamba watazamaji wa Olimpiki ya Berlin ya 1936 waliuziwa kinywaji hicho cha Kimarekani chini ya bendera za swastika. Mmarekani aliyeiongoza, Ray Powers, alifariki kwa ajali mwaka 1938, na usukani ukashikwa na Mjerumani, Max Keith. Vita vilipopamba moto na njia za biashara zikafungwa, malighafi iliyotoka Atlanta, makao makuu ya Coca-Cola huko Marekani, ikaacha kufika. Keith akabaki na viwanda, malori, wafanyakazi na chupa tupu. Wakemia wake wakachukua kilichokuwapo: maji yanayobaki maziwa yanapogeuzwa jibini, makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa, na matunda mengine kadiri yalivyopatikana. Keith mwenyewe alikuja kuyaeleza kuwa ni mabaki ya mabaki. Lilipotakiwa jina, aliwahimiza wauzaji wake waipe nafasi njozi yao, na mmoja wao, Joe Knipp, akalikata neno hilohilo la Kijerumani, Fantasie, akatamka Fanta.

Mwaka 1943 yaliuzwa makreti yapatayo milioni 3, ingawa si yote yaliyonywewa kama soda, kwa kuwa sukari ilitolewa kwa mgawo na akina mama waliimimina Fanta hata kwenye supu ili wapate utamu. Kinywaji hicho hakikuwa na rangi ya machungwa wala ladha yake. Fanta ya machungwa, ile inayowafanya watoto wetu watoke kwenye sherehe na midomo iliyokolea rangi, ilianzia Napoli, Italia, mwaka 1955, nayo Coca-Cola ikalimiliki jina hilo rasmi mwaka 1960. Kwa hiyo Hitler hakuibuni Fanta, hakuiagiza, na kilichokuwa ndani ya chupa za wakati wake hakimo ndani ya kreti ya shangazi. Kuhusu sukari iliyomo, hilo ni shauri jingine, na daktari wake amekwisha kumwambia.

Laiti habari ingeishia hapo, ningekuwa nimeandika mistari mitatu tu. Kinachonikera ni yale ya mwaka 2015, Fanta ilipotimiza miaka 75. Kampuni ya Ujerumani ilitoa toleo la kumbukumbu, lenye chupa ya kioo na maji ya jibini ndani yake kama zamani, pamoja na tangazo la video. Tangazo hilo lilieleza kwamba miaka 75 iliyopita malighafi ya cola iliadimika Ujerumani, wataalamu wakatumia akili, na sasa hisia za enzi nzuri za zamani zinarudishwa. Enzi nzuri za zamani! Hesabu ndogo tu ya kutoa, ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, inakupeleka mwaka 1940, mwaka ambao jeshi la Ujerumani liliingia Denmark, Norway, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Wazo hilo lilipita mikononi mwa waandishi, wachoraji, mameneja na bila shaka mwanasheria mmoja au wawili, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza kwa nini hasa malighafi iliadimika. Watu walipolalamika tangazo likaondolewa, na kampuni ikajieleza kwamba ilikusudia kumbukumbu za utotoni na kwamba chapa hiyo haikuwa na uhusiano na Hitler wala chama cha Nazi.

Kwamba hakukuwa na uhusiano ni kauli inayohitaji kutazamwa kwa karibu. Nakubali, shingo upande, kwamba Keith hakuwa mwanachama wa chama hicho, na kwamba vita vilipokwisha aliikabidhi Atlanta kampuni ikiwa hai badala ya kujigawia. Lakini ni huyohuyo ambaye mwaka 1939, katika mkutano wa kampuni yake, aliongoza saluti ya kumtukuza Hitler aliyekuwa ametimiza miaka 50, na ni huyohuyo ambaye baadaye serikali hiyo ilimkabidhi usimamizi wa viwanda vya Coca-Cola katika nchi zilizotekwa. Huwezi kukua ndani ya utawala wa namna ile, ukaenea nyuma ya majeshi yake, kisha ukasema mlikuwa majirani tu msiosalimiana.

Upande wa pili wa bahari, Robert Woodruff, bosi wa kampuni mama, alikuwa ameahidi kwamba kila mwanajeshi wa Marekani atapata chupa ya Coca-Cola kwa senti 5 popote atakapokuwa, na mitambo 64 ya kujaza chupa ikapelekwa nyuma ya mistari ya vita. Habari hiyo wanaisimulia kwa kifua mbele, na mtu yeyote anayependa historia ya matangazo ameisikia mara nyingi. Ya Essen hunong'onwa. Kampuni moja ilikata kiu pande zote mbili za vita vilevile, lakini kumbukumbu inayopambwa ni ya upande ulioshinda, na mimi naona hapo ndipo ujumbe wa kundi la familia unapopata nguvu zake. Msomaji akigundua kwamba kuna jambo alilofichwa, hata lile la uongo lililopachikwa pembeni yake hulipokea kama siri nyingine iliyofichuka.

Mjomba wangu, aliyewahi kusambaza soda kwa lori, ananiambia kwamba naipa chupa mzigo usio wake, kwa sababu mtu akisimama kwa Mangi anachoulizwa ni kama anataka ya baridi au ya moto, si kama anajua habari za Essen. Yuko sahihi kuhusu duka. Hakuna anayedai somo la historia lichapishwe juu ya kizibo. Lakini chapa inayojitangaza kwa umri wake, inayoita watu waje kusherehekea miaka yake, imekwisha kuifungua historia kwa mkono wake yenyewe na haina haki ya kuchagua kurasa.

Mwaka 2040 Fanta itatimiza miaka 100, na sina shaka kwamba makabrasha ya sherehe yataanza kuandaliwa mapema, yakiwa na puto, muziki na vijana wanaoruka ufukweni. Ninachowaomba ni aya moja tu kwenye tovuti yao, kwa lugha zote wanazouzia soda, Kiswahili kikiwemo, inayotaja Essen, vita, Keith na saluti yake, kisha Napoli. Wakishaiandika, mimi mwenyewe nitaituma kwenye kundi la familia, na shangazi ataisoma kabla wageni wa Idi hawajafika.