Hospitali ya mifugo si ya wenye pesa peke yao

Mwandishi wa makala yenu kuhusu hospitali ya mifugo ya hapa Mombasa asema hospitali hiyo imekua kwa sababu watu wa Mombasa siku hizi wana uwezo wa kufuga mbwa na paka wa kizungu. Sikubaliani naye. Mimi nafuga mbuzi Kisauni, na ninaowakuta kwenye foleni ya daktari ni watu wa kawaida: mwenye punda wa kubeba maji aliyechubuka mgongo kwa matandiko, au mama aliyeokota paka wa Mji wa Kale aliyegongwa na tuktuk. Tena kazi kubwa kuliko zote, ambayo makala imeipa sentensi moja tu, ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea mtu, karibu kila mara ni kifo. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ifikapo 2030, na wataalamu wanasema lazima kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, wakiwemo wale wa jalalani wasio na wa kuwalipia. Sasa tawi jipya la hospitali nalo lajengwa Nyali, mtaa wa wenye pesa! Nyinyi wa Likoni, Changamwe na Miritini, mbwa wenu huwachanja wapi?