Kurasa 16 Zinatosha

Nikipanda mwendokasi Kimara asubuhi, hadithi ya manga, yaani katuni za Kijapani, yenye kurasa 16 naimaliza kabla hatujafika Magomeni. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika simu, begi la jirani limenikaa mgongoni, na ndani ya msongamano huo wasichana wawili wa Kijapani wanakutana kwenye ngazi za shule, wanashindwa kutazamana, kisha mmoja analitoa neno alilokuwa akilimeza tangu muhula uanze. Hadithi imekwisha. Mimi nashuka Kivukoni nikiwa bado nao.

Wajapani huziita hadithi za mapenzi ya wasichana yuri, yaani yungiyungi. Ile inayoanza na kumalizika ndani ya toleo moja huiita yomikiri, soma uimalize. Nimezisoma miaka mingi, ndefu na fupi, na leo nataka kuzitetea zile fupi. Katika makundi ya mashabiki niliyomo, ikisambazwa hadithi fupi nzuri, ujumbe wa kwanza chini yake huwa "itaendelea lini?" Watu wanaichukulia fupi kama kionjo, na chakula chenyewe bado kiko jikoni. Mimi naona kinyume chake. Mapenzi haya yamepata makao yake kwenye hadithi fupi, na nyingi za zile zilizorefushwa zimepoteza kilekile kilichotufanya tuzipende.

Lakini ufupi huu haukuanza kama hiari ya msanii.

Mwaka 1899 serikali ya Japani iliagiza kila mkoa uwe na angalau shule moja ya upili ya wasichana. Miaka michache baadaye kukawa na maelfu ya mabinti waliosoma, wanaoshinda pamoja kutwa kucha mbali na wavulana, na wanaojua fika kinachowangoja siku ya kuhitimu: ndoa iliyopangwa na wazazi. Katika upenyo huo ukazaliwa uhusiano walioupa jina la S, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la dada. Mwanafunzi mkubwa na mdogo, barua za siri, zawadi ndogondogo, wivu. Majarida ya wasichana yakaanza kuuandika. Mwaka 1916 Yoshiya Nobuko, akiwa na miaka 20, alianza kuchapisha katika jarida la Shōjo Gahō mfululizo wa hadithi fupi zilizopewa majina ya maua. Mwishowe zilifika zaidi ya 50. Nyingi zinakwenda njia moja: msichana anampenda mwenzake, kisha mmoja anahama, au anaugua, au anaolewa, au anakufa.

Hadithi ilikuwa fupi kwa sababu mapenzi yenyewe yalikuwa yamepewa muda mfupi. Wakubwa waliyafumbia macho kwa sharti moja tu, yaishe shule ikiisha.

Mimi nilisoma bweni, shule ya wasichana watupu. Ninaposoma habari za barua zile nakumbuka kalamu zetu za rangi, karatasi zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kiberiti, na kadi tulizopeana kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa wengi wetu ulikuwa urafiki, na ulitutosha. Ila uzito wa karatasi iliyokunjwa hivyo, ikiwa kiganjani na kengele ya kulala imeshalia, naujua. Sihitaji kufundishwa na mtu kwa nini mwandishi wa Tokyo aliona hapo pana hadithi.

Manga ilipolirithi somo hili, ilirithi barua pamoja na jeneza. Mwaka 1971 Yamagishi Ryōko alichapisha Shiroi Heya no Futari, hadithi inayotajwa mara nyingi kuwa manga ya kwanza ya yuri. Wasichana wawili wako shule ya bweni nchini Ufaransa, wanapendana, na mwisho wake mmoja anauawa, aliyebaki anaachwa na upweke. Jina la yuri lilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1976 Itō Bungaku, mhariri wa jarida la wanaume wanaopenda wanaume lililojiita kabila la waridi, aliwaita wasomaji wake wa kike kabila la yungiyungi. Neno kabila lilidondoka njiani, ua likabaki.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae na mimi kidogo. Mwaka 2003 lilitoka Yuri Shimai, jarida la hadithi za yuri pekee. Lilikufa mwaka uliofuata, na mwaka 2005 likazaliwa Comic Yuri Hime ambalo lipo hadi leo; lilianza kutoka mara nne kwa mwaka, sasa hutoka kila mwezi. Majarida ya aina hii yanahitaji hadithi fupi kama mchuuzi anavyohitaji chenji. Mchoraji chipukizi hapewi mfululizo, anapewa kurasa chache aonyeshe mkono wake. Na wachoraji hawa, wengi wao wanawake waliokua wakisoma hadithi za kuagana, walipopewa kurasa zao chache walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa. Waliuacha ufupi ulivyo, wakabadilisha mahali pa kukata. Zamani hadithi ilikatwa mapenzi yanapokufa. Wao wakaikata mapenzi yanapoanza. Ukurasa wa mwisho sasa ni mkono ulioshikwa, au jibu ambalo msomaji halisikii ila analiona usoni kwa aliyelisikia.

Ukifunga hapo, yaliyobaki ni yao wawili. Hakuna mhariri wa kuwatafutia mpenzi wa zamani aliyerudi, wala mgonjwa wa kulazwa, wala kutoelewana kwa sura saba ambako kungemalizwa na sentensi moja. Hayo ndiyo ninayoyaona yakijazwa kwenye mifululizo mirefu, na huwa nayasoma nikijua kabisa kwamba jarida linatafuta sura ya mwezi ujao.

Nitakuwa mkweli: ipo iliyorefushwa na haikuharibika. Asagao to Kase-san ya Takashima Hiromi ilianza kwa vipande vidogo katika Hirari, mkusanyiko wa hadithi uliochapishwa kuanzia 2010 hadi 2014. Yamada anatunza mimea ya shule, Kase ni nyota wa mbio. Asagao ni ua linalochanua alfajiri na kusinyaa siku hiyohiyo, na vipande vile vya mwanzo vilikuwa na pumzi hiyohiyo. Baadaye hadithi iliwafuata wawili hao hadi chuo kikuu, na bado naipenda, kwa sababu mchoraji aliendelea kuandika kila sura kama kwamba ni ya mwisho. Huo ni ustadi wa hadithi fupi uliobebwa mpaka kwenye ndefu.

Sasa tusogee karibu na ukurasa wenyewe.

Manga ina neno la sauti ya kimya. Wahusika wawili wakinyamaza na hewa ikawa nzito, mchoraji huandika "shiin" kwa herufi nyembamba zilizovutwa kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine. Mgeni huona ajabu kimya kupewa sauti, lakini sisi wenye "nyamaza ji" tunaelewa mara moja. Katika hadithi ya kurasa 16, fremu moja ya shiin inakula nusu ukurasa, na mchoraji anailipia. Ameamua kwamba kimya hicho kina thamani kuliko mazungumzo mengine yote ambayo angeweza kuyaweka hapo. Kwenye mfululizo wa sura 60 fremu hiyohiyo haimgharimu kitu.

Au chukua neno lenyewe la kutamka mapenzi, "suki". Halisemi nani anapenda wala nani anapendwa. Msichana anaweza kulisema huku ametazama dirishani, na mwenzake akabaki kujiuliza: anasema mvua, anasema wimbo huu, au anasema mimi? Hadithi nyingi fupi zinasimama juu ya shaka hiyo. Kiswahili chetu hakina pa kujificha namna hiyo, kwa sababu ukisema "ninakupenda" umeshajitaja na umeshamtaja, ni- na -ku- zimo ndani ya neno moja. Lakini sisi tuna letu, "yeye", ambalo halisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na washairi wetu wamelitumia neno hilo pamoja na ua, asumini na waridi kumficha mpenzi tangu zamani. Nililipia kitabu kimoja cha tafsiri ya Kiingereza, mkusanyiko wa hadithi fupi niliokuwa nimeungoja miezi, na kila "suki" iliyoachwa wazi ilikuwa imefasiriwa kwa tamko kamili la mapenzi. Shaka yote ikafutwa. Hadithi ambayo ilipaswa kunipasua moyo ukurasa wa 15 ilikuwa imeshajisema ukurasa wa 4. Niliumia, na bado naumia nikiliona jalada lake.

Kuna pia mwavuli. Mtoto wa Kijapani akitaka kuwatania wawili kwamba wanapendana, huchora mwavuli ubaoni na kuandika majina yao chini yake, moja kila upande wa mpini. Huitwa aiaigasa. Kwa hiyo mvua ikinyesha na wasichana wawili wana mwavuli mmoja, msomaji wa Kijapani anauona ule mchoro wa ubaoni bila kuambiwa. Mchoraji hatumii kurasa kueleza. Anachora bega moja lililolowa, la yule aliyeshika mpini, ambaye ameuinamishia mwavuli kwa mwenzake. Basi.

Siku hizi zipo fupi zaidi. Mtandao wa Twitter uliruhusu picha nne kwa ujumbe mmoja, na wachoraji wa Japani wakazoea kusimulia kisa kizima kwa kurasa nne. Wengine huchapa vijitabu vyao wenyewe na kuviuza mezani Comitia, maonyesho ya Tokyo ya kazi za kubuni mwenyewe, yanayofanyika tangu 1984. Mwaka 2017 kundi la wachoraji lilianzisha jarida lao, Galette, kwa msaada wa wasomaji. Kazi kama hizi ndizo ninazozitafuta kwanza.

Na kuna zile nisizozitaka. Zipo hadithi zinazochorwa kwa jicho la mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, wasichana wamewekwa pale watazamwe, hawana wanachotaka wao. Nikikutana nayo naifunga. Anayesema yuri yote ni hiyo amesoma chache mno, au amesoma mpaka pale alipopata alichokuwa akikitafuta.

Kinachonifurahisha zaidi miaka hii ni kwamba wahusika wanakua. Wajapani wana jina, shakaijin yuri, hadithi za wanawake walioajiriwa. Wana treni ya mwisho ya usiku, wana mama anayepiga simu kuuliza harusi lini. Hapo hakuna siku ya kuhitimu ya kuwatenganisha. Sheria ya Japani bado haiwapi ndoa. Kilichopo ni vyeti vya kuutambua uhusiano wao vinavyotolewa na mitaa na miji, vilivyoanza mwaka 2015 katika mitaa ya Tokyo ya Shibuya na Setagaya.

Yoshiya Nobuko hakuwa na hata cheti hicho. Alijuana na Monma Chiyo mwaka 1923, wakaishi pamoja, Chiyo akawa katibu wake. Mwaka 1957, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine kisheria, Nobuko alimwandikisha Chiyo kuwa binti yake wa kuasili. Mwandishi wa kuagana kwingi kule hakuagana na wake mpaka alipofariki mwaka 1973.

Nyumba waliyoishi mwisho, kule Kamakura, bado ipo. Natamani mchoraji mmoja aichore jioni moja tu ya nyumba ile. Wanawake wawili wazima, chai inapoa, mmoja anasoma muswada na mwenzake anangoja aseme neno. Kurasa 16. Na mtu akiuliza itaendelea lini, asijibiwe.