Nokia haitarudi mkononi mwetu

Ami yangu ni nahodha wa mashua hapa Lamu, na hadi leo anatembea na mulika mwizi yake, Nokia 1100. Stima ikipotea usiku, ndiyo inayomtoa gatini hadi nyumbani Langoni. Juzi aliniuliza: "Mwanangu, hawa Nokia hawawezi kusimama tena?"

Kampuni imeshasimama, ami. Simu ndiyo haitarudi.

Ile 1100 ilitoka mwaka 2003, na zimeuzwa zaidi ya milioni 250. Walioiunda walimfikiria mtu kama ami: tochi juu, vitufe visivyoingia vumbi, chaji ya siku kadhaa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi wetu tulijifunza kutuma pesa kwa simu za namna hiyo. Lakini mwaka huohuo iPhone ikatoka, na Nokia ikaendelea kung'ang'ania Symbian, mfumo wa zamani wa kuendeshea simu zake. Mwaka 2011, badala ya kwenda Android ya Google, ikajifunga kwa mfumo wa Windows wa Microsoft. Kwangu mimi hapo ndipo ilipozama: watengenezaji wa programu hawakuifuata, na simu isiyo na programu nani ataitaka? Mwaka 2014 Microsoft ikauziwa biashara nzima ya simu kwa zaidi ya yuro bilioni 5, na mwaka uliofuata ikakiri hasara ya dola bilioni 7.6.

Jahazi bovu likipelekwa Matondoni, mafundi hubadilisha ubao mmoja mmoja nalo likabaki na jina lake. Huku mambo yalikwenda kinyume. Jina liliazimwa HMD, kampuni nyingine ya Ufini, wakalibandika kwenye simu walizounda wao, na Nokia yenyewe ikahamia kwenye mitambo ya minara na nyaya za intaneti. Mwaka 2016 ikainunua Alcatel-Lucent, mpinzani wake katika mitambo hiyo. Mwezi wa Oktoba 2025 Nvidia, kampuni ya chipu ya Marekani, ikatangaza kuwekeza dola bilioni 1 ndani ya Nokia. Kampuni iliyoanza mwaka 1865 kwa kusaga miti ya karatasi, ikapitia hata viatu vya mpira, imezoea kuhama. Naiamini itapata nguvu, ila za mitambo ambayo ami hataishika kamwe.

Linaloniuma ni kwamba sioni kampuni kubwa inayokaa sasa kujiuliza nahodha anahitaji nini gizani.

Nilimweleza ami yote haya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa simu nimtazamie betri, imeanza kuvimba.